Mto wa Mbele na Mto wa Nyuma

Watoto wengine mtaani waliamshwa na jogoo, lakini Pilipili aliamshwa na cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na kabla jua halijagusa vioo vya madirisha, cherehani yake ilikuwa imeshaanza kukoroma. Pilipili alikunja shuka, akafagia vipande vya nguo vilivyotapakaa chini ya meza, akavitia kikapuni. Nyumbani kwa fundi hakuna kitambaa kisicho na kazi. Vikubwa vilikuwa viraka, vidogo vilijaza mito ya kulalia, na vile vyembamba kama utambi vilifungia mifuko ya taka.

Kufunga mifuko ya taka ilikuwa kazi yake. Maganda, makombo, karatasi alizotumia mdogo wake Kitinda akitoka kwenye poti, vyote viliingia mfukoni. Pilipili alifunga fundo mara mbili na kuacha masikio mawili yamesimama kama ya sungura. Kisha alitoka kwa mlango wa uani, akashuka njia nyembamba hadi Mto wa Nyuma, akaurusha mfuko majini.

"Nenda ukaone dunia!" alisema. "Utusalimie huko uendako!"

Hakuwa peke yake. Huyu alikuja na ndoo, yule na nepi za mtoto mchanga, mwingine na kuku aliyekufa bila kuaga. Maji yalikwenda mbio, yakapinda kwenye matete marefu, yakatoweka. Kitu kikishaingia kwenye matete, hakikuwa tena cha mtu.

Mtaa wao ulikuwa na mito miwili, au ndivyo watoto walivyojua tangu wakinyonya. Mto wa Nyuma ulikuwa wa taka. Mto wa Mbele ulikuwa wa raha. Mbele ndiko kulikokuwa na bustani ya mapumziko, yenye bembea, kibanda cha soda na malai ya barafu, na boti za kukanyaga zenye sura ya bata. Siku za mapumziko watu walitoka mjini na familia zao, wakapanda bata hao na kupiga picha. Kando ya bustani, chini kidogo, palikuwa na ghuba ndogo yenye mchanga. Hiyo ilikuwa ya watoto wa mtaa. Wakitoka shule waliogelea humo, kisha wakafunguliwa lango dogo la bustani ili wabembee bure, mradi wasiguse bata.

Aliyewafungulia alikuwa msimamizi wa bustani, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Mtu akisimama kwenye boti, filimbi. Mtu akimwaga soda kwenye majani, filimbi. Watoto walimwita Bi Filimbi, naye alijua, akajifanya hajui.

Pilipili naye hakuitwa hivyo shuleni. Ni bibi yake, mzaa mama, aliyempa jina hilo siku aliyozaliwa, alipomwona mwekundu, amekunja ngumi, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Jina likamkaa kama nguo iliyopimwa.

Jioni moja Kitinda hakutaka kula. Usiku wake tumbo likamkamata. Asubuhi alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Bibi alimpepea.

"Mume wangu," alimwita, maana ndivyo alivyomtania kila siku, "leo hunigombezi? Hudai uji wako?"

Kitinda alifumba macho. Mama aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akambeba mtoto mgongoni, wakaenda zahanati. Pilipili alifuata na chupa ya maji. Muuguzi alimpima, akamwekea dripu, akamgeukia mama kwa ukali.

"Mtoto huyu amekunywa maji machafu. Tena machafu hasa. Anaoga wapi?"

"Mtoni, na wenzake," mama alisema.

"Basi mto wenu una kinyesi. Ukimchelewesha siku nyingine utakuja kunililia hapa."

Pilipili alitazama mkono mwembamba wa mdogo wake, ulivyofungwa bomba la dripu. Aliikumbuka ghuba yao. Wiki hizo, kila walipoogelea, mifuko ilipita ikielea. Chura, rafiki yake aliyejua kupiga mbizi kuliko wote, aliwahi kuibuka na nepi kichwani, na watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mifuko ile ilitoka juu, upande wa bustani. Kila mtu aliiona ikitokea huko.

Damu ilimchemka. Hakumuaga mama. Alitoka zahanati mbio, akapita lango dogo bila kubisha, akamkuta Bi Filimbi amesimama majini hadi magotini, na reki mkononi. Pilipili hakumsalimia. Tangu azaliwe hakuwahi kumpita mtu mzima bila salamu.

"Mmemlisha mdogo wangu uchafu!" alipayuka. "Wageni wenu wanakula, wanatupa, sisi tunaoga humo! Mdogo wangu yuko kwenye dripu!"

Bi Filimbi aligeuka polepole. Uso wake ulikuwa umechoka, na uchovu ule uligeuka hasira mbele ya macho ya Pilipili.

"We mtoto, unaongea na nani?"

"Naongea na wewe!"

"Mimi ninayeingia majini kila asubuhi kuopoa uchafu? Mimi ambaye mikono yangu hainuki tena vizuri hata nikila? Nenda kaulize kwenu! Nyani haoni..." Alijizuia, akauma mdomo. "Nenda kwenu, nimesema!"

Alipuliza filimbi karibu na sikio la Pilipili, kama anayefukuza mbwa.

Kumbe kuna tusi linalouma kuliko tusi. Pilipili alirudi mtaani, machozi ya hasira yakimchoma mashavu. Chura na wenzake walikuwa wakicheza mpira uwanjani. Walimzunguka.

"Ni bustani!" alisema. "Wao ndio wanaotupa taka mtoni, halafu yule mama ananitukania kwetu!"

"Umewaona?" Chura aliuliza.

Swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa dogo vilevile. Lakini hasira ilikuwa imeshika usukani.

"Nimewaona kwa macho yangu haya. Wanamwaga toroli zima."

Neno likatoka. Likaingia nyumba ya kwanza na toroli moja, likatoka nyumba ya mwisho na matoroli kumi. Akina mama waliacha vyungu motoni. Kinyozi wa kona alikatisha nywele za mteja katikati, mteja akafuata umati akiwa na kichwa nusu. Kila mwenye mtoto aliyewahi kuharisha alikumbuka, na kila aliyekumbuka alifoka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alimpigia simu mwenye bustani huko mjini, akamfokea hadi simu ikakatika. Mwenye bustani naye akampigia Bi Filimbi: kama maneno hayo ni ya kweli, afungashe vitu vyake.

"Jumamosi tunakwenda langoni," mwenyekiti alitangaza. "Tunang'oa uzio wote. Bata wao wakafugwe kwingine!"

Usiku ule Kitinda alirudi nyumbani, ananywa uji kwa kijiko. Bibi alifurahi, akataka kutega.

"Kitendawili!"

"Tega," Pilipili alijibu bila hamu.

"Nina mtumishi hapokei mshahara, halali wala hapumziki, na anakotoka harudi."

"Mto," Pilipili alisema.

"Lo! Mara hii? Siku hizi huoni raha hata kushinda?"

Pilipili aligeukia ukutani. Tangu mchana, lile neno "nimewaona" lilikuwa limekwama kooni kama mwiba wa samaki. Alijaribu kulimeza kwa kujiambia: hata kama sikuwaona, lazima ni wao. Mwiba haukushuka.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa akimalizia gauni la bibi harusi mmoja mwenye madoido. Kitambaa chake kilikuwa cha zambarau, kina mistari ya dhahabu, kimeagizwa mbali, na mtaani kote hakikuwapo kingine. Pilipili alichukua utepe wake mmoja, akafungia mfuko wa taka, fundo mara mbili, masikio mawili. Akaurusha Mto wa Nyuma. Siku hiyo hakuuaga.

Baadaye mtaa mzima ukashuka langoni. Watu walikuja na nyundo, mashoka na midomo. Mama alikuja na Kitinda mgongoni, ili kila mtu aone alivyokonda. Bibi alikuja na kigoda chake, maana alisema ugomvi mrefu hausikilizwi kwa kusimama.

"Toka, mwuaji wa watoto!" mtu alipiga kelele.

"Toka na filimbi yako tukupulizie sisi leo!"

Bi Filimbi alitoka. Alikuwa anasukuma toroli. Alilisukuma hadi miguuni pa mwenyekiti, akalipindua, na taka zikamwagika kwenye viatu vyake vya kutokea. Umati ukaruka nyuma ukiziba pua.

"Hizi ni za leo asubuhi tu," alisema. "Sijala, sijaketi, naopoa. Angalieni! Wageni wangu wanavaa nepi? Kibanda changu kinauza maganda? Mnaniita mwuaji, mimi?"

"Umeziokota jalalani ili utuzuge!" kinyozi alifoka.

"Tena yuko mtoto aliyekuona!" mwenyekiti alisema, akipangusa kiatu. "Yuko wapi binti wa fundi? Njoo hapa, mwanangu. Sema mbele ya wote ulichokiona, tuanze kazi."

Pilipili alisukumwa mbele. Hapo ndipo alipouona. Juu ya lile rundo, umelowa na kuchafuka, ulikuwapo mfuko uliofungwa utepe wa zambarau wenye mistari ya dhahabu. Fundo mara mbili. Masikio mawili, kama ya sungura.

Aliinua macho, akakutana na macho ya mama. Mama naye alikuwa ameuona. Fundi hasahau kitambaa chake. Uso wa mama uliganda, na mkono wake ukaushika mguu wa Kitinda mgongoni pake, ukaubana.

Hakuna mwingine aliyejua. Angesema "nimewaona" mara moja tu zaidi, nyundo zingeanza kazi, Bi Filimbi angefungasha, na mfuko ungebaki mfuko tu. Angesema kweli, mama yake angevuliwa nguo mbele ya mtaa, fundi mzima.

"Sema basi!" watu walihimiza. "Umeona nini?"

Alimtazama Bi Filimbi. Viganja vya mwanamke yule vilikuwa vimebabuka kwa kushika reki.

"Sikuona," Pilipili alisema.

"Paza sauti!"

"Sikuona kitu!" alipiga kelele, na sasa alijikasirikia mwenyewe kuliko mtu yeyote. "Nilisema uongo! Nilikuwa na hasira nikasema nimeona, na sikuona! Na ule mfuko wa zambarau ni wetu. Nimeufunga mimi, nimeutupa mimi, leo asubuhi!"

Zogo lililotokea hapo lingeamsha hata yule kuku aliyekufa bila kuaga. Mmoja alisema mtoto amehongwa malai. Mwingine alisema apigwe. Kinyozi alisimama juu ya jiwe.

"Haiwezekani! Huyu mtoto anatupa Mto wa Nyuma, kama sisi sote. Huu ni Mto wa Mbele! Taka za nyuma zitafikaje mbele, zimepanda gari?"

"Kwani kuna mito mingapi?" Bi Filimbi aliuliza. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa badala ya kukasirika. "Mimi naujua mmoja."

Watu walitazamana. Wazee walijua, bila shaka walijua, kwamba mto ni ule ule, unapita nyuma ya nyumba, unazunguka mtaa kama mkono unavyozunguka kiuno, unarudi mbele. Lakini kujua na kukumbuka ni ndugu wasiosalimiana. Mto wa Nyuma ulikuwa wa nyuma, na wa Mbele wa mbele, miaka nenda miaka rudi.

"Maneno matupu," mwenyekiti alisema. "Nani aliwahi kukiona kitu kikizunguka huko kwenye matete?"

Mama ndiye aliyejibu. Alimkabidhi Bibi mtoto, akachukua debe tupu la mafuta lililokuwa pale kibandani, akalifunga mfuniko. Akachomoa mfukoni mwa aproni utepe mwingine wa zambarau, akaufunga kwenye mshikio.

"Chura," aliita, "una mbio. Nenda uani kwangu, ulitupe hili, urudi."

"Mama Kitinda, unajiaibisha," jirani alimnong'oneza.

"Nimeshaaibika. Sasa nataka kujua kama nimeaibika kwa haki."

Chura alikwenda mbio, akarudi anahema. Wakangoja. Kungoja na hasira ni kazi ngumu. Wengine walitukanana kidogo ili wasipoe. Wengine walianza kuondoka, wakarudi. Bibi alimbembeleza Kitinda, akitazama matete bila kupepesa.

Matete yakatikisika. Debe likachungulia, likakwama, likajigeuza, kisha likatoka wazi kwenye Mto wa Mbele likicheza kwenye maji na utepe wake wa zambarau nyuma, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Likapita katikati ya boti za bata, likashuka polepole, likaingia kwenye ghuba ya watoto, likatia nanga mchangani.

Kinyozi alishuka kwenye jiwe.

"Mtupa jongoo hutupa na mti wake," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Wetu kumbe karudi na mti mkononi."

Mama alimwendea Bi Filimbi, na Pilipili akamfuata.

"Dada, tumekukosea," mama alisema. "Mimi, binti yangu na mtaa huu. Tunaomba radhi."

Pilipili alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Sikukusalimia, nikakutukana, nikakuzulia uongo."

Bi Filimbi hakutabasamu. "Samahani yenu nimeisikia," alisema. "Lakini samahani haiopoi mfuko. Kazi yangu iko hatarini hivi sasa. Na kesho asubuhi nitaingia tena humu majini. Nitakuta nini?"

Lilikuwa swali la haki. Mwenyekiti, viatu vyake bado vimechafuka, alitoa simu akampigia tena mwenye bustani. Safari hii hakufoka. Alikiri mbele ya wote kwamba msimamizi hana kosa hata chembe, abaki kazini. Kisha akageukia watu.

"Nyundo na mashoka mlivyoleta, msirudi navyo bure. Ongezeni majembe, twendeni tukachimbe."

Jumamosi hiyo hiyo walichimba shimo la taka mbali na maji, penye ardhi ya juu. Nyundo zilizotaka kuvunja uzio wa bustani zilijenga uzio mwingine, nao ulifunga ile njia nyembamba ya Mto wa Nyuma. Wengi walichimba wakiwa wamenuna, maana hasira ikikosa wa kumwangukia huwa nzito kubeba. Lakini walichimba. Vinavyooza vilitengwa viwe mboji, na makaratasi yakachomwa shimoni. Kila asubuhi, kabla ya shule, Pilipili na Chura walishika reki upande wa ghuba, wakaopoa yaliyokuwa bado yamekwama kwenye matete. Hakuna aliyewaagiza. Kwa muda mrefu Bi Filimbi aliwatazama tu. Siku maji yalipopita bila mfuko hata mmoja, na watoto wakakubaliwa kuoga tena, aliwapulizia filimbi, ndefu kama wimbo. Kisha akalifungua lango dogo.

Siku hiyo jioni mama alikuwa anapiga pasi gauni, na Pilipili amekaa karibu yake akichagua vitambaa.

"Mama, bado umenikasirikia?"

Mama aliinua pasi, mvuke ukapanda.

"Nilikukasirikia. Sikiliza. Unaiona pasi hii? Bila moto hainyooshi nguo. Ulipomwona ndugu yako kwenye dripu ukapata hasira, moto ule ulikuwa wa haki. Lakini ulichukua pasi ya moto ukailaza juu ya nguo ya mwenzako, ukaiacha hapo. Ukikasirika, mwanangu, shika mpini, uangalie kwanza unapoiweka. Na uanzie kwenye nguo yako." Alikunja gauni. "Ila siku ile langoni, ulipousema ule mfuko, mimi mtu mzima nilikuwa nimenyamaza. Hilo sitalisahau."

Bibi alikohoa kwenye kiti chake, kama mtu asiyetaka kuachwa nje ya mazungumzo. Kitinda alikuwa mapajani pake, anamvuta hereni.

"Bibi, kitendawili!" Pilipili alisema.

"Tega! Afadhali, nilidhani umekufa."

"Namfukuza mgeni kwa mlango wa nyuma, namkuta amekaa mlango wa mbele."

Bibi aliwaza. Alisema ni paka. Akasema ni njaa. Akasema, "Ni babu yako, Mungu amlaze pema." Pilipili alitikisa kichwa kila mara, na Kitinda akatikisa chake pia, ingawa hakujua jibu.

"Nimeshindwa," Bibi alisema.

"Basi nipe mji!"

"Mji?" Bibi alichungulia dirishani, akatazama nyumba, uzio mpya, na watoto waliokuwa wakipiga kelele ghubani. "Miji mingine iko mbali, na wenyewe wako huko. Chukua mtaa huu. Ni wako, wa mbele na wa nyuma. Sasa niambie, ni nani huyo mgeni?"

"Taka zetu wenyewe, Bibi."

Bibi alicheka mpaka Kitinda akaruka mapajani. Kisha akanyanyuka, akauchukua mfuko wa taka uliokuwa mlangoni, akajifunga kanga kiunoni.

"Niongoze basi, mwenye mtaa," alisema. "Mguu huu bado haujalizoea hilo shimo."